Giaboksi ya Reki na Ubora wa Nyasi Kavu: Thika na Ruiru

Katika reki ya rota, giaboksi ndiyo inayopokea nguvu za trekta na kuzifikisha kwenye meno yanayokusanya nyasi. Shafti ya nyuma ya trekta, ile ambayo mafundi huiita PTO, huzunguka ikiwa imelala, kwa kawaida mara 540 kwa dakika. Rota ya reki huzunguka kwenye mhimili uliosimama wima, na kwa kasi ndogo zaidi. Giaboksi basi hufanya kazi mbili kwa pamoja: hugeuza mwelekeo wa mzunguko kwa nyuzi 90, na hupunguza kasi yake. Kazi hizo mbili zinaamua mambo matatu ambayo ng'ombe huyakuta horini: kasi ya jino linapogusa nyasi, kimo cha jino juu ya udongo, na usawa wa tuta la nyasi linaloachwa nyuma ya mashine. Kasi inagusa majani, kimo kinagusa udongo, na usawa wa tuta unagusa unyevu. Ubora wa nyasi kavu, ukiondoa umri wa kukatwa, karibu wote umo ndani ya hayo matatu.

Jambo hili lina uzito wake katika ukanda wa Thika na Ruiru, kaunti ya Kiambu. Ng'ombe wengi wa maziwa hapa hufugwa zizini, kwenye vipande vya ardhi ambavyo haviwezi kuwalisha mwaka mzima. Mashamba makubwa ya kahawa yaliyoizunguka Ruiru yanazidi kugeuka makazi na viwanda. Mji mpya wa Tatu City unajengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya mibuni. Soko la maziwa nalo liko karibu. Kampuni ya Brookside, iliyoanzishwa mwaka 1993, ina makao yake Ruiru, na chama cha ushirika cha wafugaji wa Githunguri, kilichoanzishwa mwaka 1961, hukusanya maziwa upande wa juu wa kaunti. Mfugaji huchanganya mabingobingo, mabua ya mahindi, machicha ya bia na masalio ya mananasi ya Thika, lakini chakula anachoweza kukiweka ghalani miezi kadhaa bila kuharibika ni nyasi kavu. Nyasi hizo hutoka kwenye mashamba ya tambarare za Juja na kuelekea Kilimambogo, au huletwa kwa lori kutoka Bonde la Ufa.

Nyasi hizo huuzwa kwa robota. Bei huitwa kwa idadi ya marobota, si kwa kilo wala kwa kiasi cha protini. Kwa hiyo jani lililopukutika shambani, udongo uliosombwa pamoja na nyasi, na unyevu uliofichwa katikati ya robota havionekani kwenye bei. Hasara ambayo reki mbovu inaisababisha huhama kutoka kwa mwenye mashine kwenda kwa mnunuzi, kisha kwa ng'ombe, na huonekana baadaye kama upungufu wa maziwa ambao chanzo chake ni vigumu kukitambua.

Kabla ya kuipa giaboksi sifa au lawama, ni haki kuliweka mahali pake jambo linaloizidi nguvu, yaani umri wa nyasi zinapokatwa. Nyasi za Rhodes, ambazo jina lao la kisayansi ni Chloris gayana na ambazo wakulima wengi wa Kenya huzijua kwa aina yake ya Boma iliyotokana na utafiti wa Kitale, huwa na protini ya kama asilimia 8 hadi 10 zikikatwa zinapoanza kutoa maua. Zikiachwa hadi mbegu zikomae, protini hushuka chini ya asilimia 6. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe huhitaji kama asilimia 7 ili vifanye kazi yao ipasavyo. Hakuna reki, hata iwe mpya kiasi gani, inayoweza kurudisha protini ambayo shina kavu limekwisha kuipoteza. Reki hulinda kile kilichokatwa, haiongezi kitu.

Hasara kubwa ya pili ni ya muda. Nyasi mbichi huwa na maji asilimia 75 hadi 80. Ili kupata tani moja ya nyasi kavu zenye unyevu wa asilimia 15, lazima zikatwe karibu tani 4.25 za nyasi zenye maji asilimia 80, na tani 3.25 za maji zipotelee hewani. Mpaka unyevu ushuke kufikia kama asilimia 40, mmea huendelea kupumua na kula sukari yake wenyewe, hata ukiwa umelala chini. Mvua ikinyesha juu ya nyasi zilizokaribia kukauka, huziosha virutubisho vinavyoyeyuka. Kila siku inayoongezeka shambani ina gharama.

Hapo ndipo majira ya Thika na Ruiru yanapoufanya mjadala huu utofautiane na ule wa vitabu vya Ulaya au Marekani. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na nyasi huwa tayari kukatwa Juni au Julai. Hiyo ndiyo miezi ya baridi katika nyanda za kati za Kenya: mawingu hufunika anga mchana kutwa, asubuhi huwa na ukungu na manyunyu, na jua huonekana kwa saa chache. Nyasi ambazo zingekauka kwa siku mbili au tatu huweza kuchukua siku nyingi zaidi. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, huzaa mavuno ya Januari na Februari, na wakati huo mambo hugeuka: jua ni kali, upepo ni mkavu, vumbi jekundu limetanda, na hatari si nyasi kuchelewa kukauka bali kukauka kupita kiasi kabla hazijakusanywa. Reki ileile, giaboksi ileile, hutakiwa kutenda kazi mbili tofauti katika mwaka mmoja.

Reki si za aina moja, na nyingine hazina giaboksi kabisa. Reki ya mkono, inayotumika pamoja na panga au fyekeo na kasha la mbao la kufungia marobota, bado ni chombo cha kawaida kwenye mashamba ya ekari moja au mbili. Ubora wake hauna budi kuheshimiwa. Mkono wa binadamu hupiga nyasi polepole, huhisi udongo, na huacha majani mahali pake. Udhaifu wake ni muda: ekari kadhaa haziwezi kukusanywa mchana mmoja kabla umande haujarudi.

Reki ya magurudumu ya vidole ni hatua inayofuata. Ndugu wawili wa Uholanzi, Cornelis na Arij van der Lely wa Maasland, ndio walioiingiza kwenye kilimo mwaka 1948. Magurudumu yake yenye meno huzungushwa na mguso wa ardhi na nyasi zenyewe wakati trekta inapoivuta. Haina PTO, haina giaboksi, haina oili ya kumwagika. Hununuliwa kwa bei ya chini na hutengenezwa kwa urahisi. Hata hivyo, kwa kuwa ardhi ndiyo injini yake, meno yake lazima yaiguse ardhi. Likizunguka, gurudumu huchukua udongo na mawe madogo na kuyaviringisha ndani ya tuta pamoja na nyasi. Tuta lenyewe hutoka limesokotwa kama kamba, nyasi zikiwa zimebanana, na hewa hupita ndani yake kwa shida.

Kati ya hizo mbili na reki ya rota kuna reki za upau, ambazo mihimili yake yenye meno husogea sambamba na kuzisukuma nyasi upande mmoja. Nyingine huzungushwa na magurudumu ya mashine yenyewe kupitia gia, nyingine na PTO, nyingine na mota ya haidroliki. Zinazopata mzunguko wake kutoka kwenye magurudumu zina sifa moja njema: kasi ya meno hupanda na kushuka sawasawa na mwendo wa trekta, hivyo dereva hawezi kuzitenganisha hata akitaka. Za haidroliki zina sifa iliyo kinyume: dereva hurekebisha kasi ya meno bila kugusa injini wala mwendo.

Reki ya rota ndiyo inayotegemea giaboksi kuliko zote. Ndani ya kasha lake la chuma kuna gia mbili za umbo la koni zinazokutana kwa pembe mraba: pinioni ndogo inayopokea mzunguko wa PTO, na krauni kubwa inayouzungusha mhimili wa rota. Idadi ya meno ya krauni ikiwa mara tisa ya meno ya pinioni, mizunguko 540 hugeuka 60 kwa dakika. Gia zenye meno yaliyonyooka ni rahisi kutengeneza lakini hugonga kila jino linapoingia. Zenye meno yaliyopinda hupokezana kwa utulivu zaidi, ingawa huzisukuma beringi kwa nguvu zaidi upande mmoja. Beringi hizo ndizo zinazoushika mhimili wa rota usitikisike.

Chini ya gia kuna sehemu ambayo wanunuzi wengi wa reki kuukuu husahau kuikagua, nayo ni njia ya kamu. Hiyo ni duara ya chuma isiyozunguka, yenye kupanda na kushuka. Kila mkono wa rota una gurudumu dogo linaloifuata. Njia inaposhuka, mkono hupinda na meno husimama wima yakisukuma nyasi. Inapopanda, mkono hujigeuza, meno huinuka na kuziachia nyasi kwenye tuta. Rota yenye mikono kumi hurudia tendo hilo mara kumi katika kila mzunguko. Giaboksi huamua ni kwa kasi gani, na kamu huamua ni mahali gani.

Kasi inahesabika, na hesabu yake inafundisha. Rota yenye kipenyo cha mita 3 ina mzingo wa mita 9.4. Ikizunguka mara 60 kwa dakika, ncha ya jino husafiri mita 9.4 kwa sekunde, karibu kilomita 34 kwa saa, na nyasi zilizolala tuli hupigwa kwa kasi hiyo. Mikono kumi hupita mara kumi kwa sekunde. Trekta ikienda kilomita 10 kwa saa, sawa na mita 2.8 kwa sekunde, kila mkono hukusanya kipande cha sentimita 28 za mwendo. Dereva akipunguza PTO hadi mizunguko 400 bila kubadili mwendo, rota hushuka hadi mizunguko 44, ncha ya jino hushuka hadi mita 7 kwa sekunde, na kila mkono hulazimika kukusanya sentimita 38. Nyasi hupigwa kwa upole zaidi, lakini kila jino hubeba mzigo mkubwa zaidi, na nyingine huachwa nyuma. Akipunguza pia mwendo hadi kilomita 7 kwa saa, kipande hurudi sentimita 26, upole ukibaki uleule.

Kutokana na hesabu hiyo, ile 540 iliyoandikwa kwenye kifuniko cha PTO ni kikomo na wala si amri. Nyasi nzito na zenye unyevu huhitaji kasi ili zitupwe mbali na kuachana. Nyasi kavu na nyepesi huhitaji kasi ndogo. Giaboksi yenye uwiano mmoja tu haiwezi kuyachagua hayo, bali dereva huyachagua kwa mafuta na gia ya trekta. Reki inayoendeshwa kwa 540 mchana wa Februari, kwenye nyasi zinazovunjika zikishikwa mkononi, inasaga chakula. Ikiendeshwa kwa 350 asubuhi ya Julai, inaacha mabonge ya nyasi mbichi.

Uzito wa hasara hiyo hutofautiana sana kati ya mimea. Katika lusini, karibu theluthi mbili ya protini imo kwenye majani, na majani hayo hukauka upesi kuliko shina. Jani lililokauka hushikiliwa na kikonyo chembamba. Pigo moja hulikata. Kwa sababu hiyo lusini hukusanywa ikiwa bado na unyevu wa asilimia 40 hadi 50, au asubuhi wakati umande umelainisha majani, na rota huzungushwa polepole. Reki inayopita juu ya lusini saa nane mchana inaweza kuacha chini sehemu yenye thamani kuliko ile inayofungwa kwenye robota. Nyasi za Rhodes ni ngumu zaidi: jani lake limeshikamana na shina kwa ala, halipukutiki kirahisi. Kwa kuwa nyasi nyingi zinazofungwa Juja na Thika ni za Rhodes, ni kosa kuchukua mafundisho ya lusini na kuyafanya kanuni ya ukanda mzima. Katika Rhodes, kasi ya giaboksi huharibu kidogo kwa kupukutisha, na hufaa sana kwa kupepeta. Hatari kubwa ya Rhodes hapa ni udongo na unyevu.

Udongo huingia kupitia kimo cha meno, na kimo hutegemea afya ya giaboksi kuliko watu wengi wanavyodhani. Nyasi zikikatwa zikabakizwa visiki vya sentimita 7 hadi 10, zilizokatwa hulala juu ya visiki hivyo bila kugusa ardhi. Meno ya rota yanatakiwa kupita ndani ya visiki, yakikaribia udongo bila kuuchokonoa. Nafasi hiyo ni ya sentimita chache tu. Sasa chukua rota ileile ya mita 3, ambayo kutoka katikati hadi ncha ya jino ni mita 1.5. Beringi za mhimili zikichakaa kiasi cha kuuacha uiname nyuzi moja tu, ncha ya jino hupanda au kushuka sentimita 2.6. Upande mmoja wa duara meno huruka juu ya nyasi. Upande wa pili huchimba. Dereva anayeona nyasi zikiachwa huteremsha reki, na kwa kufanya hivyo huongeza kuchimba. Kosa la beringi ambalo kwenye kasha haliwezi kuonekana kwa macho hugeuka mchirizi shambani.

Kamu iliyochakaa huleta ubaya wa namna nyingine. Gurudumu dogo likilegea, mkono hauinuki kwa wakati: meno hubaki chini hatua chache zaidi na kuzikokota nyasi kupita tuta, au huinuka mapema na kuziangusha kabla ya kufika. Ishara yake ni tuta lenye mkia uliotawanyika upande mmoja na mistari ya meno ardhini inayozidi mahali pa kuachia. Anayenunua reki iliyotumika afanye jambo rahisi kabla ya kulipa: ashike mkono mmoja wa rota mashine ikiwa imezimwa, autikise juu na chini, kisha autikise kwa mzunguko. Mchezo wa juu na chini ni wa beringi au kamu. Mchezo wa mzunguko ni wa meno ya gia. Wa kwanza ndio unaoharibu chakula. Wa pili huharibu mashine kwanza, na chakula baadaye.

Udongo wa eneo hili haufanani. Ruiru na mashamba ya juu ya Thika yana udongo mwekundu, wenye kina na unaopitisha maji vizuri. Ukikauka huwa vumbi laini linaloshika kila jani. Tambarare za Juja na za kuelekea Kilimambogo zina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Udongo mweusi uliopasuka hauna uso ulio sawa: reki huruka kwenye mabonge, na mishtuko hiyo hurudi moja kwa moja kwenye beringi za giaboksi. Ukiwa na unyevu, huganda kwenye meno na kuingia kwenye tuta kwa vipande. Hapo reki yenye magurudumu ya kubeba rota, yaliyo karibu na meno na yanayofuata mabonde madogo ya ardhi, huwa na thamani kuliko reki yenye rota kubwa na magurudumu machache.

Udongo kwenye nyasi hupimwa kama majivu. Sampuli huchomwa maabara, na kinachobaki ni madini. Nyasi safi kwa asili huwa na majivu ya kama asilimia 6 hadi 8; yakipita 10, kwa kawaida udongo umeingia. Udongo huo hauna nishati wala protini. Robota la kilo 15 lenye udongo wa asilimia 5 limebeba kilo 0.75 za mchanga. Lori la marobota 100 limebeba kilo 75, na mnunuzi amezilipia pamoja na usafiri wake. Zaidi ya uzito, udongo huleta bakteria na mbegu za kuvu ambazo huamka mara tu zinapopata unyevu.

Unyevu ndio jambo la tatu, na hapo usawa wa tuta huonekana. Nyasi za marobota madogo hufungwa salama unyevu ukiwa asilimia 15 hadi 18. Zikifungwa zikiwa juu ya asilimia 20, kuvu hukua ndani, joto hupanda, na sehemu ya protini hubadilika isimeng'enyeke. Vumbi la kuvu ni hatari pia kwa mapafu ya anayefungua robota ndani ya banda lisilopitisha hewa. Kinachodanganya ni wastani. Mtu hushika nyasi za juu ya tuta, huzisikia zikivunjika, akaamua kufunga. Kumbe kila baada ya hatua chache kuna bonge lililobanana ambalo katikati yake bado ni kijani. Mabonge hayo hutokea rota inapokosa kasi ya kuziachanisha nyasi, inapopoteza mikono au meno, au mzunguko wake unapokuwa wa kushtukashtuka.

Kushtuka huko mara nyingi huanzia nje ya giaboksi, kwenye krosi za propela inayounganisha trekta na reki. Krosi moja iliyopinda nyuzi 30 haipitishi mzunguko kwa kasi moja: shafti ya kwanza ikiwa kwenye mizunguko 540 isiyobadilika, ya pili hupanda hadi karibu 624 na kushuka hadi karibu 468, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi mbili zenye pembe sawa hufutana. Trekta inapokata kona kali, pembe hizo huacha kuwa sawa, na meno ya gia hupigwa mbele na nyuma. Katika shamba pana kona ni chache. Katika ekari mbili za Gatundu au kwenye kipande kilichobaki kati ya nyumba za Ruiru, kona ni sehemu kubwa ya kazi. Dereva anayezima PTO kabla ya kila kona huongeza miaka ya giaboksi, na tuta lake la pembeni hutoka sawa na la katikati.

Tuta lililo sawa hulinda pia mashine inayofuata. Robota hufungwa vizuri nyasi zikiingia kwa mfululizo na kwa upana wa mdomo wa mashine ya kufungia. Tuta lenye vilima na mabonde hutoa marobota yaliyopinda, mazito upande mmoja, yanayokatika kamba yakipangwa ghalani; kila kilima hugonga klachi na giaboksi ya mashine hiyo.

Katika baridi ya Juni na Julai, tofauti kati ya tuta la rota na la magurudumu ya vidole ndiyo faida kubwa ya giaboksi kwa mkulima wa hapa. Rota huzinyanyua nyasi na kuzilaza bila kuzisokota, hivyo upepo mdogo uliopo huingia ndani. Nyasi zinaweza kutandazwa asubuhi, zikakusanywa jioni ili umande uguse sehemu ndogo, kisha zikapinduliwa tena kesho yake. Mashine ya kutandaza, nayo yenye rota na giaboksi, hufanya kazi ya kwanza. Reki hufanya ya pili. Januari na Februari faida hiyo hupungua sana. Jua hufanya kazi yote, na reki ya magurudumu ya vidole, ikipandishwa vizuri kwenye springi zake na kuvutwa asubuhi, huweza kutoa nyasi za Rhodes zisizo mbali na za rota.

Matunzo ya giaboksi si mengi, ila hayasamehe. Reki nyingi hutumia oili ya gia ya daraja la 80W-90 au inayokaribia hiyo. Nyingine zimetengenezwa zitumie grisi laini, na kuchanganya hizo mbili ni kuziharibu zote. Oili hupimwa mashine ikiwa imepoa na imesimama sawa. Ikipungua, meno ya juu hukosa kulainishwa. Ikizidi, hutoa povu, joto hupanda, na shinikizo husukuma sili nje. Sili iliyopasuka hutenda maovu mawili: huacha oili idondokee nyasi, ambazo ng'ombe huzikataa, na huacha vumbi kuingia. Vumbi jekundu la Februari likichanganyika na oili huwa msasa, na msasa huo ndio unaozila beringi zilizotajwa hapo juu. Tundu la kupumulia la giaboksi lililoziba kwa matope huleta matokeo yaleyale ya sili kupasuka. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji, mara nyingi baada ya kuoshwa kwa pampu ya nguvu. Viwanda vingi hushauri oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 50 za kazi, kwa kuwa gia mpya huacha unga wa chuma zinapozoeana, kisha ibadilishwe kila msimu.

Bolti ya kukatika kwenye propela imewekwa ikatike. Ikibadilishwa kwa bolti ngumu ili kazi isisimame, kinachokatika mara ya pili ni jino la pinioni. Thika haina upungufu wa mafundi wa chuma. Ni mji wa viwanda, na kiwanda cha kuunganisha magari kimekuwapo tangu miaka ya 1970. Jino lililojazwa kwa kulehemu huweza kuimaliza wiki ya kazi, lakini krauni na pinioni hubadilishwa pamoja, na nafasi kati ya meno yake hurekebishwa kwa vipande vyembamba vya chuma mpaka rangi iliyopakwa kwenye meno ionyeshe kwamba yanagusana katikati. Kazi hiyo inataka vipimo na subira. Ruiru kuna kituo cha serikali cha teknolojia ya kilimo, ATDC, na Juja kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambako uhandisi wa kilimo hufundishwa. Ujuzi upo karibu na mashamba yanayozungumziwa hapa.

Uchaguzi wa mashine hufuata ardhi, mmea na majira. Kwa ekari moja au mbili za Rhodes, reki ya mkono na kasha la kufungia hutoa nyasi safi kuliko mashine yoyote, mradi watu wapo na jua lipo. Kwa ekari chache zaidi, zenye udongo mwekundu uliosawazishwa na zinazovunwa zaidi Januari na Februari, reki ya magurudumu ya vidole inatosha, na fedha zinazobaki zinafaa kununulia mbegu na mbolea. Kwa mwenye trekta anayewafanyia kazi majirani Juja na Thika, anayekata nyasi Julai pamoja na Februari na kupita kwenye udongo mweusi, reki ya rota yenye giaboksi nzima inastahili bei yake. Reki ya rota iliyochakaa beringi haistahili, hata ikiuzwa nusu bei, kwa kuwa itachimba kama ile ya vidole na bado itadai oili, sili na fundi. Kwa lusini, hata eneo likiwa dogo, rota inayozungushwa polepole asubuhi na mapema hutangulia zote zinazovutwa na trekta. Na mnunuzi wa marobota, ambaye haioni mashine, anaweza kuitambua kwa kulifungua robota moja juu ya gunia au turubai: majani yaliyosagika, vumbi linalobaki baada ya nyasi kuinuliwa, na bonge la kijani au lenye kuvu katikati humweleza kasi, kimo na usawa wa reki iliyopita juu ya nyasi hizo.